Kukaa peke yako kibandani katikati ya safari ndefu ya pikipiki: maswali ninayoulizwa sana

Nilitoka Tanga kwa pikipiki ya cc 150, nikapita Moshi, Arusha na Namanga, nia yangu ikiwa kufika Kampala na Kigali kisha nirudi nyumbani kupitia mpaka wa Rusumo. Nairobi nilipanga kulala siku mbili. Nilikaa wiki kumi na moja, peke yangu, katika kibanda cha mbao kando ya msitu wa Oloolua, upande ule wa kati ya Karen na Ngong. Tangu niliporudi, wasafiri wananiuliza mambo yaleyale, wengi wao wanawake, wengine vijana wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza. Nimeyakusanya hapa majibu yangu yote.

Kwa nini usimame Nairobi, mji wa kelele, kutafuta utulivu?

Kwa sababu Nairobi imeshikana na msitu. Watu wanaijua Nairobi ya matatu na foleni, lakini upande wa kusini mji unaishia kwenye Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, yenye kilomita za mraba 117 na simba wa kweli ndani yake. Kaskazini kuna msitu wa Karura. Magharibi kuna msitu wa Ngong Road, halafu Oloolua. Karura pengine ingekuwa majumba leo kama mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wasingesimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mimi nilimshukuru mama huyu kila nilipokwenda kutembea huko.

Sababu ya pili ni ya msafiri. Ukitaka kupumzika katikati ya safari, pumzika mahali ambapo chombo chako nacho kinaweza kutibiwa. Nairobi ndiko vipuri viliko. Cheni yangu ilikuwa imelegea hadi mwisho wa kurekebishika, sproketi ya nyuma meno yamechongoka kama ya papa, na mwili wangu haukuwa na hali nzuri kuliko cheni. Juu ya hayo masika yalikuwa yameanza. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua ya ukanda huu si ya kubishana nayo ukiwa juu ya magurudumu mawili.

Kibanda kama hicho kinapatikanaje?

Kwa kuuliza kwa mdomo. Nilikaa siku tatu nyumba ya wageni Ngong mjini, nikawa naongea na watu wa steji ya bodaboda. Wao wanajua kila geti, nani ana chumba kitupu, nani mgomvi. Kijana mmoja akanipeleka kwa mzee mwenye ploti ya ekari mbili aliyekuwa na kibanda nyuma kabisa, alichomjengea mwanawe aliyehamia ng'ambo. Bei tulielewana kwa mwezi, si kwa siku, na hilo ndilo jambo kubwa kwenye bei. Mtu anayekodisha kwa siku anakuona mtalii. Kwa mwezi anakuona mpangaji.

Niangalie nini kabla ya kulipa?

Maji yanapita wapi mvua ikinyesha. Hilo kwanza, mengine baadaye. Kibanda cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa kizuri kuliko changu, kina baraza na maua, lakini kilikuwa hatua chache kutoka Mto Mbagathi. Nikakataa. Wakazi wa Nairobi wanakumbuka Aprili 2024, mito ya mji ilivyofurika usiku na kubeba nyumba na watu wakiwa ndani. Kibanda chako kiwe juu ya mteremko, na sakafu yake iwe imeinuliwa kutoka ardhini, hata kama ni kwa matofali mawili tu. Mbao iliyolala juu ya udongo ni chakula cha mchwa.

Pili, nenda mara mbili: mchana wa jua, kisha tena mara baada ya mvua. Utaona mabati yanavuja wapi, utaona pia njia. Karen na Ngong udongo mwingi ni mwekundu, unateleza lakini unakubali. Ukishuka upande wa Rongai na tambarare za Athi unakutana na ule mweusi wa kunata, unaojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nimewahi kuutoa kwa kijiko.

Tatu, simama mlangoni jioni uangalie kama unaona taa ya mtu yeyote. Unataka kuwa peke yako, sawa, lakini taa moja ionekane.

Mita ya umeme iulizie kama ni ya tokeni na kama ni yako peke yako. Kuchangia tokeni na usiyemjua ni mwanzo wa ugomvi.

Wiki ya kwanza inakuwaje?

Ngumu. Nalijibu hili kwa urefu kwa sababu hakuna aliyenionya, na najua watu waliofungasha wakaondoka siku ya nne wakidhani wameshindwa maisha ya peke yao, kumbe walikuwa bado hawajaanza kuyaishi.

Mwili wa mtu aliyeendesha siku nyingi hausimami siku injini inapozimwa. Usiku wa kwanza nilipofumba macho kitanda kilikuwa kinatetema. Vidole viwili vya mkono wa kulia, wa kuongezea mafuta, vilikufa ganzi kwa siku sita. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nikitafuta kamba za kufungia mizigo. Nililala na jaketi la safari, ufunguo wa pikipiki chini ya mto, buti zikiwa mlangoni zimeelekea nje. Mchana nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza kila pikipiki iliyopita barabarani na kuitambua kwa mlio. Siku ya tatu nililia, na sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa na mshawasha tu wa kwenda, na hapakuwa na pa kwenda.

Kilichonisaidia kilikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni begi. Nilikuwa naishi kutoka kwenye begi: natoa shati, nalirudisha, nafunga zipu. Siku ya nne nilitoa kila kitu. Nguo nikazitundika kwenye misumari, vyombo nikavipanga kwenye ubao wa dirishani, kioo kidogo nikakigongelea ukutani, mabegi yenyewe nikayaosha na kuyaweka darini ambako siwezi kuyafikia bila ngazi. Usiku ule nilivua jaketi. Kama utafuata ushauri wangu mmoja tu kati ya yote haya, toa nguo zote begini siku ya kwanza, usingoje ya nne kama mimi.

Cha pili alikileta mzee. Alikuja asubuhi akanisalimia, akanyoosha jembe. "Binti, kuna kipande pale nyuma ya tangi. Ukipanda sukuma sasa hivi, utakula kabla hujaondoka." Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mzee wa watu alinipa siku ya nyongeza. Nikalima. Saa moja na nusu kila asubuhi, kabla jua halijapanda. Sukuma nilizikuta kweli baada ya wiki sita, na mpaka leo naamini ni lile tuta lililonifanya nibaki. Mtu wa safari amezoea kuamka akiwa na jambo linalomngoja, kilomita zake za siku. Zikiondoka, lazima kitu kingine kimngoje.

Siku yako ilikuwa na ratiba?

Nyepesi. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima na saa moja jioni giza limeingia. Chai, bustani, kazi za mikono, chakula, kutembea msituni au kusoma, maji ya kuoga, chakula tena. Simu niliizima mpaka saa sita mchana. Ukiifungua asubuhi kibanda kinajaa watu.

Huogopi? Mwanamke peke yako, msituni?

Naogopa, ndiyo. Ila nilijifunza kutenganisha kukaa peke yangu na kukaa bila mtu anayejua kama nipo. La kwanza nililitaka. La pili ni hatari, kwa mwanamke na kwa mwanamume pia.

Nilihakikisha watu watatu wananijua na nawasalimia kila siku. Mzee mwenye ploti. Mama mboga wa njia panda, ambaye kila nikifungua mdomo alikuwa akiniambia, "Mtanzania, hebu ongea tena," kisha ananiongezea dania bure. Na kijana wa steji aliyenileta, aliyekuwa ananiita siz, yaani dada, na kunipungia mkono hata akiwa amebeba abiria wawili.

Kwa mzee tulikuwa na alama. Kila asubuhi nikiamka naanika kanga nyekundu kwenye kamba iliyoonekana kutoka kwenye dirisha la jikoni kwake. Makubaliano yalikuwa kwamba ikifika saa tatu hajaiona, anakuja kugonga. Hakuna kupigiana simu, hakuna maelezo. Wazo lilikuwa langu na aliliona la ajabu kidogo mwanzoni, lakini baada ya wiki moja niligundua anakunywa chai yake akiwa amekaa upande ule wa dirisha.

Usiku kunasikika nini?

Perere. Hakuna anayekuandaa kwa perere. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura, anaishi juu ya miti, na wataalamu wanasema jamaa zake wa karibu ni tembo. Usiku analia kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole, unaendelea kufunguka, unapanda, unapanda, mpaka unakuwa ukelele wa mtu anayechinjwa. Usiku wa kwanza nilishika panga. Wiki ya tatu nilikuwa natambua yule wa mti wa kushoto na yule wa nyuma ya choo. Alfajiri ndege wanaoitwa kwarara wanapita juu ya mabati wakipiga kelele zao, na hao ndio saa ya kengele ya Nairobi nzima.

Wanyama hatari je?

Chui wapo maeneo ya Karen na Lang'ata, na fisi wapo upande wa Rongai na mbuga. Sikuwahi kumwona chui, niliona nyayo mara moja baada ya mvua. Usitembee peke yako gizani, usiache nyama au takataka nje, choo cha nje kiendee kwa tochi na kwa sauti.

Wanaosumbua kweli ni kima na siafu. Kima anafungua dirisha lenye komeo la kugeuza, anachukua ndizi, anakwenda kulia juu ya paa. Weka komeo la kusukuma. Siafu wanakuja na mvua, safu nyeusi kama kamba iliyodondoshwa. Wakiingia ndani usiku, toka, waache wapite. Wanamaliza mende na panya wadogo, wanaondoka zao. Miguu ya kitanda iweke kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo juu yake, na majivu mwaga mlangoni.

Baridi ya Juni na Julai ni ya kweli? Naweza kuingiza jiko la makaa ndani?

Baridi ni ya kweli. Mtu wa pwani asiidharau. Jiko la makaa ndani, hapana. Hapana hata kwa dakika kumi, hata kama wenyeji wako wanafanya.

Mimi nililiingiza. Ilikuwa Juni, nimechemsha githeri, yaani mahindi na maharage, nje, makaa yamebaki mekundu mazuri bila moshi hata chembe, na nje kuna ukungu. Nikaliweka katikati ya chumba, nikafunga dirisha, nikalala nikijisifu kwa joto. Niliamka kichwa kinapasuka. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Sijui ni akili au ni Mungu, nilitambaa mpaka mlangoni, nikausukuma, nikaanguka nusu ndani nusu nje, nikatapika, nikabaki pale kwenye umande.

Asubuhi kanga haikuanikwa. Saa tatu mzee alikuwa ananiinua.

Daktari alinieleza kwa upole jambo ambalo ningepaswa kulijua. Makaa yanayowaka kwenye hewa haba yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyofanya, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Na makaa yale mekundu yasiyo na moshi, ambayo macho yanayaona ni salama, ndiyo yanayoitoa. Wengi hawaamki kabisa.

Joto litafute kwingine. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye soksi, miguuni, nusu saa kabla ya kulala. Blanketi mbili nyepesi kuliko moja nzito. Magazeti ya zamani kwenye nyufa za mbao upande wa upepo, lakini acha tundu moja juu. Jiko la gesi nalo pikia dirisha likiwa wazi, na mtungi ulale nje.

Pikipiki niifanyeje ikikaa wiki nyingi?

Kwanza kubali kwamba kuiwasha dakika tano kila Jumapili bila kuiendesha si kuitunza. Injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili, betri inatumika bila kurudishiwa. Ama iendeshe nusu saa kamili, ama iache.

Mimi niliiacha wiki tano za mvua. Nilijaza tangi mpaka juu ili kutu isipate nafasi, nikafunga petroli na kumwaga iliyobaki kwenye bakuli la kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa), nikachomoa waya hasi wa betri. Niliisimamisha kwa stendi ya kati juu ya ubao ili tairi zisikae kwenye tope. Cheni niliisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, nikaipaka oili nzito. Kitambaa kwenye tundu la bomba la moshi, maana panya wanapenda kuzaa mle, na kitambaa chekundu kwenye usukani ili nisisahau kukitoa. Usifunike kwa nailoni inayobana, itatoa jasho. Turubai yenye upenyo chini inatosha.

Kwa anayetoka pwani kuna la ziada. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Tanga inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, pikipiki inakula mafuta, na nguvu inapungua karibu asilimia 15 hata ukirekebisha vizuri. Fundi wa Barabara ya Kirinyaga alipandisha klipu ya sindano tundu moja, kazi ya dakika ishirini, nikasikia tofauti palepale. Ukishuka tena pwani irudishe, la sivyo injini itachemka. Zenye mfumo wa sindano za kielektroniki kwa kawaida zinajirekebisha zenyewe.

Na usipande barabara ya juu ya Expressway, pikipiki haziruhusiwi. Ukishindwa foleni ya Ngong Road, acha chombo nyumbani upande matatu namba 111.

Ulikula nini?

Sukuma, ugali, ndengu, mayai ya mzee, omena, yaani dagaa, Jumamosi. Maharage nusura yanishinde. Kwa mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage uliyozoea kuyaivisha kwa saa moja na nusu yanaweza kukaa motoni karibu mara mbili. Loweka usiku kucha, au tafuta sufuria ya presha. Nazi niliikumbuka kila siku.

Vibali?

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa mpaka miezi sita bila malipo, lakini angalia siku zilizoandikwa kwenye muhuri wako kabla hujaondoka dirishani. Kibali cha pikipiki ni kingine na kina tarehe yake. Wengi wanasahau hilo. Bima ya kadi ya manjano ya COMESA inakubalika Kenya, Uganda na Rwanda. Cheti cha homa ya manjano kiwe begini.

Nikiugua au nikianguka?

Namba za dharura Kenya ni 999 na 112. Lakini kwenye njia za ndani anayefika kwanza ni kijana wa steji, kwa hiyo awe na namba yako na ajue kibanda chako kiko wapi hata gizani.

Ulijuaje kwamba muda wa kuondoka umefika?

Nilidhani nitaitamani barabara ghafla, kama zamani. Haikuwa hivyo. Mvua zilikwisha, cheni mpya ilikuwa imefungwa, siku moja nikapanda ngazi kuchukua kitu kingine darini nikayaona mabegi, na nikaweza kuyaangalia bila mwili kushtuka. Nilikaa siku tano nyingine nikivuna na kugawa sukuma zilizobaki. Mama mboga alinicheka kwamba namletea mboga yeye.

Jioni ya mwisho nilimwambia mzee. Asubuhi niliamka na kuianika kanga kama kawaida, nikapakia, nikapasha injini moto. Aliposhuka na fimbo yake tukasimama wote pale kwenye kamba, nikaianua mbele ya macho yake, nikaikunja, nikaiweka ndani ya jaketi. Akatikisa kichwa mara moja, akaenda kunifungulia geti.